Mama yake Karabai

Binti wa dada yangu alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Mombo, joto limenibandika kwenye kiti, akaniambia, "Mama mdogo, Karabai amerudi." Nikamwuliza amerudi wapi, maana mtu niliyemfahamu kwa jina hilo nilimwacha utotoni, kwenye banda la video la Lushoto, akitoka pangoni na taa yake mkononi. Akacheka. Imetoka sehemu ya nne, akasema, wataionyesha siku ya gulio katika ukumbi ulio karibu na soko. Watu wazima wameshaanza kugombana kabla hata hawajaiona.

Kama hukukulia kwetu, ngoja nikueleze. Karabai hakuwa Mshambaa. Alikuwa stelingi wa sinema za kigeni, mzungu mrefu aliyekuwa akiingia mapangoni kutafuta vitu vilivyopotea, na taa yake ilifanana sana na karabai zile za mafuta ya taa zilizokuwa zikipigwa pampu kwenye harusi kabla ya umeme. Jina lake halisi hatukulijua na wala hatukulihitaji. Sehemu zake zilikuwa tatu, na sisi tuliziangalia mpaka kanda zikaanza kuvuta sauti kama mtu mwenye usingizi.

Siku za gulio tuliamka na baridi. Kazi yetu watoto ilikuwa kuosha karoti mtoni, na nakuhakikishia maji ya mto ule hayakuwa na huruma. Vidole vilikufa ganzi, tukavifufua kwa kuvipuliza, tukaendelea. Karoti zikishang'aa, akina mama walijitwika mabeseni na sisi tukafuata nyuma na mafyulisi machache ya kuuza wenyewe. Kufika sokoni tulikuwa mzigo, tunakanyaga kabichi za watu, kwa hiyo mama zetu walitusukumia kwenye banda la video ili wafanye biashara kwa amani. Yaani sinema ndiyo ilikuwa yaya wetu.

Banda lenyewe lilijengwa kwa mabanzi kutoka Shume, yale magamba ya nje ya magogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa. Lilinuka utomvu wa msonobari, moshi wa jenereta na watoto waliolowa. Walionyimwa ruhusa walipiga chabo kwenye nyufa. Runinga ilikaa mbele juu ya meza, na ubavuni mwake, karibu kabisa, kulikuwa na dirisha dogo. Kwenye dirisha hilo ndipo bibi yangu, mama yake mama, aliposimama na sufuria lake la makande, akituuzia kwa kupitisha bakuli ndani. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi ya nyuma tuliona vichogo vya watu zaidi kuliko picha. Bibi aliiona runinga karibu kuliko mtu yeyote.

Hata hivyo, hakuna aliyekuja kumwona Karabai tu. Tulikuja kumsikia mtafsiri. Wakati huo alikuwa kijana mpasua mbao, mwenye shingo nene na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mvua ikinyesha juu ya bati, na kwetu inanyesha kweli, sauti ya sinema ilikuwa haisikiki hata kidogo, na yeye ndiye aliyebaki. Alisema maneno ya watu wote: ya Karabai kwa sauti nzito, ya maadui kwa sauti ya puani, na ya wanawake kwa sauti nyembamba iliyotuchekesha hata mahali pa kulia. Tuliamini anakijua Kiingereza chote. Nilikuja kujua baadaye kwamba Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Mengine yote alitia chumvi, na chumvi yake ilikuwa tamu kuliko chakula.

Sasa, kila sehemu iliisha namna moja. Karabai ametoka pangoni, vumbi limemjaa, amesimama barabarani anaangalia mbali, muziki unapigwa. Hapo mtafsiri alishusha sauti akasema, "Sasa Karabai anarudi nyumbani kumsalimu mama yake. Shikamoo mama. Nimerudi." Kisha akajibu kwa sauti ya kizee, kwa Kishambaa, mama akimpokea mwanawe, akimwuliza kama amekula, akimwambia makande yako jikoni. Ndipo jenereta likazimwa, na watu wakatoka wameridhika.

Usicheke. Lushoto nzima ilijua kwamba Karabai ana mama. Kwa kuwa mama huyo alisema Kishambaa, sisi watoto tulibishana kama ni mtu wa Mlola au wa Bumbuli, na mimi nilikuwa upande wa Mlola kwa sababu bibi yangu alitokea huko. Katika michezo yetu kila msichana alitaka kuwa mama yake Karabai, kwa kuwa ndiye aliyepewa kijiti cha kukorogea. Hata mwalimu wetu wa darasa la tatu, mtu mkali asiyependa video, alikuwa akituambia kwamba Karabai mwenyewe, pamoja na ubabe wake wote, akifika kwao anamwamkia mama yake.

Bibi hakusema lolote kuhusu sinema. Ila ikifika mahali pale, alikuwa anaacha kupakua. Ukinyoosha bakuli unangoja.

Alikuwa na sababu, na nyumbani tuliijua wote ingawa hatukuitaja. Mjomba wangu, kitinda mimba wake, alikwenda machimboni kutafuta mawe ya thamani mwaka ule ule banda lilipojengwa. Aliaga asubuhi, akala viazi viwili akiwa amesimama, akasema atarudi. Hakurudi. Haikuja barua wala salamu, wala mtu wa kusema nilimwona. Miaka ilipita, wajomba wengine wakaja mmoja mmoja kumwomba bibi akubali tumsomee hitima, apumzike na sisi tupumzike. Bibi alikataa. Alisema hitima husomewa maiti, na yeye hajaonyeshwa maiti. Kila mwaka aliombwa, na kila mwaka alijibu vile vile, huku akichambua maharage.

Basi nilifunga duka nikapanda mlima. Nilimkuta bibi amekaa kibarazani amejifunika khanga mbili na blanketi, magoti yamegoma na macho yameingia ukungu. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono kuuchunguza kama nimenenepa. Akaniambia amesikia habari za Karabai. Yeye hawezi tena kuteremka hadi sokoni, lakini nina kazi ya kumfanyia.

"Uniambie tu kama amefika kwa mama yake," alisema.

Nilijibu nitamwambia. Niliona jibu ni rahisi.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, pazia jeusi na mashine ya kumulika picha ukutani. Tuliingia baada ya swala ya alasiri. Mbele walikaa wapasua mbao wastaafu wa Shume na akina mama wa soko, watu waliooshewa karoti na kizazi changu. Nyuma walikaa vijana na simu zao. Mtafsiri naye alikuwapo, pembeni, kofia mapajani, shingo imekwisha, mzee kabisa. Hakupewa kipaza sauti. Sinema hii ilikuja na maandishi ya Kiswahili chini ya picha, kwa hiyo kazi yake ilikuwa imeshafanywa na mtu mwingine, kimya kimya.

Karabai alitokea, na ukumbi mzima ukaguna. Kichwa kilikuwa cheupe. Alipanda jabali dogo ambalo kwetu mbuzi wanalipanda wakicheza, akasimama katikati kupumua. Magoti yalilia. Vijana walipiga makofi, wakasema huyu sasa ni binadamu. Wazee walinung'unika kwamba stelingi hapumui hivyo. Taa yake ilivunjika mapema sana, akalazimika kuingia pangoni na tochi ya simu, na mama mmoja mbele yangu akauliza kwa sauti kama wamekosa hata mafuta ya taa. Kukimbia kote kulifanywa na msichana aliyekuwa akifuatana naye. Mimi, nikuambie ukweli, niliipenda. Yale magoti yalinitoa machozi, kwa sababu na yangu yameanza.

Halafu ikafika mwisho. Wametoka pangoni, wamekaa juu ya jiwe, msichana anamwuliza kitu, naye anajibu taratibu. Waliokaa mbele hawakuwa na miwani. Wakageuka nyuma kuuliza amesema nini, na binti wa dada yangu, mwenye sauti ya kengele na asiyejua lolote, akawasomea: "Anaulizwa kama kuna mtu anamngoja nyumbani. Anajibu, mimi sina mama. Sikuwahi kuwa naye."

 Ukumbi ukapasuka vipande viwili. Upande wa mbele walisema sinema ni feki, imetengenezwa na watu wasiomjua Karabai, haiwezekani mtu mzima amkane mama yake mbele ya msichana. Mpasua mbao mmoja alitaka irudishwe nyuma isomwe upya, labda mtoto amekosea. Ikarudishwa. Ilikuwa vile vile. Upande wa nyuma walisema hii ndiyo sehemu bora kuliko zote, ina ukweli, na kwamba wamezitafuta zile tatu za zamani wakaziangalia zote, na hamna mama humo. Hajawahi kuwapo hata sekunde moja. Kijana mmoja akaongeza, bila ubaya, kwamba basi wazee walidanganywa.

Vichwa vyote vya mbele vikamgeukia mtafsiri. Yeye alivaa kofia yake akatoka.

Nilimkuta nje ameegemea ukuta wa duka la simu. Hapo ndipo lilipokuwa banda letu. Nilimwamkia nikajitambulisha kwa jina la bibi, na uso wake ukafunguka kidogo. Akaniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba ile ya kwanza haikuwa na mwisho wa kueleweka, mtu amesimama tu barabarani. Alikuwa akitafuta neno la kufungia, akainua macho akamwona bibi dirishani, na mjomba alikuwa ndiyo kwanza ameondoka. Neno likatoka. Wiki iliyofuata watu wakalidai, na yeye hakuwa mtu wa kuwanyima watu.

Nikamwambia kwamba bibi yuko hai, ananingoja na ana swali, na mimi sijui nitamjibu nini.  Akauliza kama njia ya juu bado ni ile ile ya kupitia mtoni.

Tulipanda polepole, na magoti yake yalilia kama ya Karabai. Binti wa dada yangu alitufuata nyuma, amenywea, kwa sababu nilikuwa nimemweleza uzito wa alichokisoma. Bibi alisikia nyayo akauliza ni nani wa tatu.

"Shikamoo, mama," mtafsiri alisema. "Ni mimi wa kwenye video."

Akaletewa kigoda na chai. Halafu bila kuombwa akaanza, na sauti ile, rafiki yangu, ilikuwa imepasuka lakini ilikuwapo. Alimpandisha Karabai jabalini na kumrejeshea taa yake. Aliwapa maadui pua zao. Alimsimulia msichana vizuri kuliko alivyostahili. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipofika mwisho, mzee alishusha sauti kama zamani. Karabai anarudi nyumbani kumsalimu mama yake, alisema. Shikamoo mama, nimerudi. Akafungua mdomo atoe jibu la kizee, akakwama.

"Mdomo wake ulikuwa umefumba," bibi alisema.

Hatukuelewa. Akaeleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Alikuwa dirishani, karibu, sisi tulikuwa mbali. Tangu ile sehemu ya kwanza aliona kwamba pale mwisho yule mzungu hasemi kitu, anaangalia tu. Alijua ni maneno ya mtafsiri. Aliyapenda hivyo hivyo, akawa anayafuata kila gulio.

"Hongea, mwanangu," alimwambia, akimshukuru. "Umenisaidia kungoja. Sasa nimechoka."

Akanigeukia upande niliokuwa, macho yake hayanioni sawasawa. "Waite wajomba zako. Ijumaa wamsomee hitima."

Nililia, sitaficha. Mtafsiri alikunywa chai yake iliyokwisha poa.

Ijumaa watu walijaa. Wapasua mbao walikuja, akina mama wa soko walikuja na karoti zao kwa ajili ya pilau, na vijana wa ukumbini walikuja wakapanga mikeka. Kisomo kilisomwa, jina la mjomba likatajwa kwa sauti ndani ya nyumba ya mama yake kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto. Baada ya dua, sinia zilipokuja, nilisikia mabishano yameanza tena chini chini, kama Karabai ni mzee mno, kama ile tochi ya simu ilikuwa aibu. Bibi aliyasikia pia. Alisema waacheni wabishane huku wanakula.

Banda la mabanzi halipo, na kanda zile sijui zilitupwa shimo gani. Watoto wa sasa hawaoshi karoti wakiharakia stelingi, wanaye mfukoni. Mimi pia ninayo ile sehemu ya nne kwenye simu, binti wa dada yangu alinirushia. Mchana wa Mombo, wateja wakikosekana, huwa naiangalia. Wakishakaa juu ya jiwe, na msichana akishauliza swali lake, nafunika maandishi kwa kidole gumba na kuzima sauti, halafu namwamkia bibi yangu kwa niaba ya Karabai: shikamoo mama, nimerudi.