Mashina Kumi ya Rodah

Kila asubuhi, kabla hajachuma hata jani moja, Rodah hutua kapu lake penye kichwa cha mstari na kugusa mashina kumi ya chai kwa kiganja. Shina moja, amri moja. Huzisema kwa sauti, wala si sauti ya kuhubiri. Ni kama mtu anayehesabu kuku wake kabla ya kuwafungulia. Akifika shina la kumi mkono umelowa umande hadi kwenye kiwiko. Huufuta kwenye aproni yake ya plastiki, hubeba kapu mgongoni na kuanza kazi.

Amefanya hivyo miaka thelathini na minne, tangu alipoolewa katika boma hili lililo juu ya kijito, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Chepseon. Kitu kimoja tu kimebadilika. Zamani alianzia mstari wa kwanza, ule unaopakana na shamba la jirani. Tangu mwaka jana huanzia wa pili.

Aliyemfundisha amri ni baba mkwe wake, mzee aliyekuwa akiwaandaa watu kwa ubatizo. Rodah alikuja kwake msichana wa miaka kumi na tisa, hajabatizwa, kusoma kwenyewe kwa kubahatisha. Alipolalamika kwamba hana daftari, mzee alimwelekeza kwa fimbo kule shambani. "Daftari lako ni lile," akasema. "Weka amri moja kwenye kila shina. Chai haisahau."

Ng'ambo ya mstari wa kwanza ilikuwa chai ya Bosibori. Baba mkwe wa Bosibori alihama Kisii zamani akanunua kile kipande, na mumewe, Nyang'au, akakirithi. Wanawake hawa wawili walizeeka wakichuma mkabala. Asubuhi Rodah alisalimia kwa Kikisii, "Bwakire!", naye Bosibori akajibu kwa Kikipsigis, "Chamgei!", na kila mmoja akacheka matamshi ya mwenzake. Bosibori ni Msabato, na zile amri anazijua kuliko wengi. Alizisikiliza kutoka ng'ambo kama mwalimu anayesubiri kosa.

"Mama Kipkemoi!" Bosibori alikuwa akipaza sauti kila Rodah alipogusa shina la nne. "Hiyo ya Sabato umeipita mbio kama umeona nyoka. Rudia!"

"Wewe chuma chai, Mama Phelix. Hiyo ya nne nitakuachia uniwekee mpaka Jumamosi."

"Nitakuwekea. Na hutakuja kuichukua, nakujua."

Hivyo ndivyo siku zao zilivyoanza, mpaka chai ilipopogolewa.

Chai hukatwa hadi kimo cha goti kila baada ya miaka michache, ili ichipue upya. Katika boma la Rodah kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Alipomaliza kukata aliyaacha matawi yalale palepale, yaoze na kurutubisha udongo. Lakini mume alikuwa amefariki, na Julai ya mwaka jana Rodah alishika panga mwenyewe. Kwa kuwa kuni zilikuwa zimepungua, hakuyaacha matawi. Aliyavuta na kuyafunga mizigo. Hapo, kati ya mstari wa kwanza na wa pili, panga likagonga kitu kigumu.

Aliinama akafukua kwa vidole. Lilikuwa jiwe la saruji, la mraba, lenye chuma katikati: jiwe la mpaka, la wapimaji wa ardhi. Lile lenzake la juu liliondoka siku nyingi, barabara ilipopanuliwa, na hakuna aliyelikumbuka tena hili la chini. Rodah aliliangalia jiwe, kisha akauangalia mstari wa kwanza. Jiwe lilikuwa upande huu. Mstari wa kwanza, mashina sitini na mawili, ulikuwa upande ule, wa Bosibori.

Hakuhitaji kuambiwa na mtu wa ofisi ya ardhi. Papo hapo alikumbuka jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa mzaha tu wa nyumbani: mzee, yule baba mkwe aliyeipanda chai hii, hakuwahi kuchuma mstari wa kwanza. Aliinama kwenye mistari mingine yote tangu alfajiri, lakini akifika pale mgongo ulimuuma ghafla. "Huko chini nendeni ninyi vijana," alikuwa akisema. Na mumewe, je? Matawi yale aliyaacha yaoze kwa ajili ya udongo, au kwa ajili ya jiwe? Swali hilo Rodah aliliacha lilipokuwa, maana wa kulijibu hakuwepo.

Asubuhi iliyofuata alianza kama kawaida, akigusa visiki badala ya majani. Alipofika cha nane akakiruka.

"Mama Kipkemoi!" Bosibori akaita kutoka ng'ambo. "Leo hata 'Usiibe' imekupotea? Hiyo watoto wa nasari wanaijua!"

"Koo linaniuma," akasema Rodah.

Jioni ileile Bosibori alimletea chupa ya uji wa wimbi wenye ndimu, wa kuponya koo. Rodah aliunywa wote, na kila funda lilishuka kama kokoto.

Wiki tatu zikapita bila amri hata moja kusikika shambani. Mambo mawili yalimkaba. La kwanza lilikuwa hofu ya kusema: kuna miaka ya ghasia za makabila ambayo neno mpaka, katika vijiji vile, lilitosha kuwafanya watu wafunge virago, na urafiki wa Bosibori ulikuwa umevuka miaka hiyo bila kuvunjika. Je, ungevuka jiwe hili? La pili lilikuwa baya zaidi. Rodah alijua kwamba katika torati kuna laana kwa anayesogeza mpaka wa jirani yake, na kwamba watu wote waliitikia amina. Alikuwa amemzika mtoto ambaye hajajua kutembea. Alikuwa amemzika mume ambaye mvi hazijamwenea. Mara misiba yake yote ikawa na sababu, na sababu ilikuwa na chuma katikati.

Mwishowe alibaki nyuma baada ya ibada ya akina mama, akamwendea Seth, mchungaji kijana aliyetumwa kwao kutoka upande wa Londiani.

"Kuna mtu fulani," akaanza, "amegundua kwamba mstari wake wa chai uko ndani ya shamba la jirani."

Seth hakumwuliza ni mtu gani. "Mwambie huyo mtu asijitese, Mama. Hatuko chini ya sheria. Tuko chini ya neema. Aliyepanda ndiye aliyekosa, naye tunaamini alisamehewa."

"Nashukuru, Mchungaji. Neema nimeielewa." Rodah alikunja kitambaa chake mara mbili. "Sasa mstari ni wa nani?"

Seth akavuta kiti, akaketi. "Chuoni hawakutufundisha mambo ya mistari ya chai," akasema, akajicheka kidogo. "Nimekujibu swali ambalo hukuniuliza. Hebu niambie yote."

Rodah akamwambia yote: mzee, jiwe, mtoto, mume. Mwisho akaitaja laana.

"Hapana, Mama," Seth akasema, na safari hii hakuwa na haraka. "Laana ilishabebwa. Yesu aliibeba mwenyewe pale msalabani. Mtoto wako hakufa kwa sababu ya jiwe, wala mume wako. Usilale tena na neno hilo hata siku moja."

Rodah alilia, akafuta machozi kwa kile kitambaa, akalia tena. Halafu akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mtungi kichwani.

"Na sheria je? Niache kuisema?"

"Iseme. Sasa haikuhukumu. Inakuonyesha tu shamba la jirani linaanzia wapi."

Alirudi nyumbani akitembea upesi kuliko alivyokwenda. Lakini kabla ya kufika kwa Bosibori ilimlazimu kupita kwa Kiptum, shemeji yake, kwa kuwa shamba lilikuwa la baba yake Kiptum na marehemu mumewe. Alimkuta akikamua ng'ombe, akamweleza habari ya jiwe na kwamba anataka kuutoa mstari.

"Shemeji, siku hizi umefungua ofisi ya ardhi?" Kiptum akasema bila kugeuka. "Leo utatoa mstari, kesho watataka jiko lako. Na baba? Unataka kumwita mwizi akiwa kaburini, mtu aliyewaandaa nusu ya kijiji hiki kwa ubatizo?"

Hilo lilimchoma, maana alimpenda yule mzee. "Simwiti mwizi," akasema. "Lakini wewe unakumbuka. Ule mstari hakuuchuma hata siku moja."

Maziwa yalilia kwenye ndoo kwa muda. Kisha mikono ya Kiptum ikasimama.

"Nilimwuliza mara moja," akasema. "Nilikuwa mdogo. Nilimwuliza kwa nini mgongo unamuuma kwenye mstari mmoja tu. Alinipiga kofi, halafu akaenda nyuma ya ghala akakaa huko peke yake mpaka giza." Alimpapasa ng'ombe ubavuni. "Enda ukaseme. Lakini usiniite kuja kuonyesha mawe."

"Sitakuita."

"Na umalize huo mzigo wa baba, kama unaweza."

Kesho yake asubuhi Rodah hakubeba kapu. Alishuka mikono mitupu, akamwita Bosibori avuke, akamwonyesha jiwe. Alisema yote kwa pumzi moja, kama dawa chungu inavyomezwa, akamalizia kwa kusema mstari ni wake, mashina sitini na mawili, na kwamba anaomba msamaha kwa miaka yote.

Bosibori aliinama akaligusa jiwe.

"Nyang'au alisema," akatamka taratibu. "Alisema mstari huu haukai sawa. Mimi nikamwambia nyamaza, hawa ni watu wa kanisa, na sisi hapa ni wa kuja. Nikamnyamazisha mume wangu."

"Nitamwomba msamaha mimi mwenyewe," Rodah akasema. "Leo."

Bosibori aliinua macho kuelekea kichwa cha mstari, mahali ambapo Rodah alikuwa akisimama kila siku. Midomo ikaanza kumcheza. Akaiziba kwa mkono, haikuzibika.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "wewe ulikuwa unasimama ndani ya shamba langu, unanisomea 'Usiibe'?"

"Ndani kabisa."

"Na mimi hapa, nakusahihisha Sabato!"

Kicheko kikamtoka Bosibori, kicheko cha tumboni, akashika goti. Rodah naye akashindwa kujizuia, na kwa mara ya kwanza tangu Julai koo lake likafunguka lote. Walicheka mpaka Nyang'au akatokeza kichwa juu ya chai kuuliza kuna nini, nao wakashindwa kumjibu.

Walipotulia, Bosibori alijifuta macho kwa upindo wa leso. Kisha akawa na uso mwingine, kwa sababu kwao Kisii pia mipaka ina laana zake, na hakutaka kupewa kitu kilichotolewa kwa woga.

"Nitakuuliza neno moja tu, Mama Kipkemoi," akasema. "Usinifiche. Unanirudishia kwa kuogopa laana?"

Rodah aliutazama mstari wa kwanza. Visiki vilikuwa vimeanza kuchipua, vichipukizi vyekundu vidogo kama kucha za mtoto.

"Hapana," akasema. "Ni chai yako."