Tiketi Mbili za Tawi la Bellevue

Saa kumi na moja alfajiri, gizani, kifuniko cha sufuria kinatetemeka. Kinanyamaza kidogo, kinatetemeka tena. Zabibu anakiinua kwa kitambaa asije akamwamsha mwanawe, kisha anapunguza moto wa jiko la gesi.

Ndani ya sufuria hakuna chai wala uji. Kuna maji yanayochemka, na sasa juu yake anaiinamisha kofia ngumu ya plastiki, ile wanayovaa wachimba migodi. Mvuke ukishailainisha, anavishika kwa koleo vipande alivyovikata jana kwa msumeno mdogo na kuvikunja kwenda juu: bawa huku, bawa kule, nyota katikati. Anahesabu taratibu mpaka ishirini, anaachia. Bawa limesimama.

“Ukiwahi kuachia, linalala tena,” anasema kwa sauti ya chini. “Ukilazimisha, linavunjika. Hii kazi ni kama kulea.”

Kofia hizi huku Johannesburg huitwa makarapa. Shabiki wa mpira huivaa uwanjani ikiwa imepakwa rangi za timu yake. Zabibu, mwenye umri wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, huzitengeneza katika chumba alichopanga Bellevue, kwenye nyumba kongwe iliyogawanywa vyumba tisa. Huziuza barabara ya Jules, Malvern, mbele ya duka la matairi.

Ya leo ni ndogo kuliko zote. Ni ya Nasra, binti yake wa miaka saba, aliyelala nyuma ya pazia. Leo Nasra anakwenda kuuona mpira kwa mara ya kwanza.

Kuuona, maana kuusikia ameusikia sana. Siku za mechi mama hupanga kofia zake nje ya ukuta wa uwanja, na mtoto huketi kando juu ya kreti ya soda. Amejifunza kelele zote: ya bao, ya refa kuonea, ya mpira uliogonga mwamba.

“Ananiambia, Mama, wamekosa. Na kweli wamekosa,” anasema Zabibu. “Mwanangu ameujua mpira kwa masikio, kama unavyojua kwa jirani kumepikwa nini kwa kunusa tu.”

Hawaingii kwa sababu ya bei. Msimu uliopita tiketi ya Reef Callies, timu wanayoipenda, ilikuwa randi 50, mtoto nusu. Msimu huu wamiliki wapya wameipandisha hadi randi 140, mkubwa na mtoto sawa, wakisema wanainua hadhi ya klabu. Zabibu, katika mwezi mzuri, hupata randi 3,800 hivi. Kodi ya chumba peke yake ni 2,100.

“Tukiingia wawili, na teksi ya kwenda na kurudi, ni unga na mboga yetu ya wiki nzima,” anasema. “Mtoto atashiba mabao?”

Alipofika mji huu miaka minane iliyopita, alikuja na desturi ya kwao. Tanga, timu haipendwi hivihivi. Kuna tawi, na tawi lina mwenyekiti, katibu na mhazini. Lina daftari la vikao. Na mwanachama akifiwa, wenzake huenda kuzika wakiwa na rangi zao. Kwa hiyo yeye na Bakiri, Mzanzibari anayeuza kandambili katikati ya jiji, wakaanzisha Tawi la Bellevue. Leo lina watu 22, wakiwemo Warundi, na Wakongo kama Léocadie, msusi, ambaye ndiye mhazini. Bakiri ni mwenyekiti, Zabibu katibu.

Wenyeji waliwacheka mwanzoni. Walisema eish, hawa watu wanashangilia timu au wanaunda serikali? Siku hizi baadhi yao huuliza ada ya kujiunga ni kiasi gani.

Bei ilipopanda, viti vikabaki vitupu. Televisheni ikavionyesha, na klabu ikasemwa mitandaoni mpaka ikaona haya. Ndipo Sidney, kijana Mkenya wa ofisi ya habari ya klabu, alipotokea barabara ya Jules na kumpiga Zabibu picha akiwa na kofia zake. Wiki chache baadaye alirudi na bahasha. Juu yake, kwa heshima zote, alikuwa ameandika: Kwa Katibu, Tawi la Bellevue.

Heshima hiyo ndiyo iliyozaa mambo. Barua iliyoandikwa kwa katibu haifunguliwi na katibu peke yake; hufunguliwa kikaoni. Ilipofunguliwa, zikatoka tiketi mbili na maneno ya kuwakaribisha mechi ya Jumamosi moja, wiki tatu mbele. Bakiri akafafanua, na hakuna aliyebisha: hizi mbili ni za viongozi, wakae mbele. Wanachama watapita nyuma yao, kama ilivyo nyumbani tawi linapoalikwa.

Zabibu akashinda na sufuria yake wiki zote tatu, ili tawi lisiende kichwa wazi. Mtoto wake angepita na wanachama.

Saa nane na nusu mchana wanashuka kutoka kwenye teksi mbili, ambazo huku ni mabasi madogo, karibu na roboti, yaani taa za barabarani: watu wazima 22 na mtoto mmoja, vichwani wameota mabawa ya kijani na njano. Juu ya lango kuna bango jipya. Ni uso wa Zabibu, mkubwa kama mlango wa gereji, unatabasamu. Chini yake imeandikwa kwamba Callies ni timu ya watu wake.

Mlinzi anatazama bango, anamtazama Zabibu, anacheka kwa furaha. Eish, mama, ni wewe. Kisha anatazama foleni nyuma yake, anatazama tiketi, na kuinua vidole viwili.

Sidney anaitwa. Anakuja mbio, na anapowaona anasimama kama aliyegonga kioo.

“Mama Nasra, si tulisema watu wawili?”

“Kaka, wewe umeliandikia tawi,” anasema Zabibu. “Tawi limekuja.”

Sidney anakwenda kando kupiga simu. Anarudi uso umemshuka. Wakubwa wamesema wenye tiketi ni wawili, wengine wanunue. Zabibu anamrudishia tiketi zote mbili. Hawezi, anamweleza, kuingia huku wenzake wamesimama nje chini ya uso wake mwenyewe.

Ndani filimbi inapulizwa. Kelele inapanda juu ya ukuta, na Nasra anageuza sikio kuelekea huko, kama alivyozoea. Watu 22 wanamwona, na hakuna anayejua aweke wapi macho yake.

Bakiri anatangaza kikao cha dharura, hapohapo kwenye lami. Akidi imetimia. Hoja ni moja na inachukua dakika nne, ikiwemo dakika moja ya mzee mmoja Mrundi kulalamika kwamba ajenda haikutumwa mapema. Kisha Bakiri anachukua tiketi mbili mkononi mwa Sidney. Moja anampa Zabibu, na ile iliyokuwa yake anaitia kiganjani mwa Nasra.

“Katibu, tawi linatuma wajumbe wawili,” anasema. “Mkitoka, tunataka ripoti.”

Zabibu anaanza kupinga. Léocadie anamkatisha.

“Weye ingia na mutoto, Mama Nasra. Sisi tuko hapa, hatuyeyuki.”

Ndani, Nasra anashika chuma cha mbele kwa mikono miwili na hatikisiki. Majani ni ya kijani kuliko alivyodhani, na wachezaji ni watu wa kawaida, mmoja anakohoa. Dakika ya thelathini mpira unagonga mwamba. Nasra anaruka kabla uwanja haujapiga kelele. Kwa mara ya kwanza macho yake yametangulia masikio, na Zabibu, aliyekuwa akimtazama yeye badala ya mchezo, anajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

Wameketishwa upande ambao kamera inautazama. Huku watu wamebanana. Ng’ambo, safu kwa safu, hakuna mtu.

“Kaka Sidney, mmetupanga kama nyanya za sokoni,” Zabibu anamwambia kijana huyo, aliyekuja kuketi nao. “Nzuri juu.”

Sidney anacheka, kisha anaacha. Zabibu anamsimulia kuhusu fungulia mbwa: utotoni kwake Tanga, zikibaki dakika chache, lango lilifunguliwa na waliokosa kiingilio wakaingia bure kuona mwisho. Haiwezekani huku? Sidney anapanda ngazi kwenda kuuliza. Anarudi zimebaki dakika kumi. Leo haiwezekani. Lakini mkubwa wake amesema yuko tayari kusoma barua.

“Barua ndiyo kazi yangu,” anasema Zabibu.

Ameshajua ataandika nini. Ataomba kona moja nyuma ya goli, ile isiyokaliwa kamwe, iwe randi 40 kwa kila mwenye kadi ya tawi, la kwake au la mwingine yeyote, na watoto waingie na mama zao. “Sitaki bure. Tawi langu si ombaomba. Nataka bei ambayo mtu akiilipa, Jumapili bado anapika.” Na lile bango? Amempa Sidney jibu: libaki mpaka mwisho wa mwezi. Kama barua haikujibiwa, atakuja na ngazi yake kuomba uso wake urudi nyumbani.

Mchezo unaisha bao moja kwa moja. Nje, tawi lote lipo, kofia vichwani, limejipanga nusu duara kando ya ukuta. Bakiri amefungua daftari.

Zabibu anakohoa kuanza. Bakiri anatikisa kichwa na kumwelekezea kalamu yule mjumbe mdogo. Watu 21 wanainama kumsikiliza. Nasra anawatazama mmoja mmoja, akiirekebisha kofia iliyomwangukia kwenye nyusi, kisha anasema kwa sauti:

“Viti vilikuwa vingi, na havikuwa na watu.”