Ayeeyo Aliyefunika Simu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ualimu wangu, mwanangu, ni ile niliyokemewa na bibi wa Elwak kwa simu, mimi nikiwa Garissa, nimeketi jikoni kwangu na tai shingoni. Usicheke. Mvi nilikuwa nazo tayari, lakini kwa kufundisha kupitia simu nilikuwa kijana mbichi, tena mwenye kiburi cha ujana.

Ulikuwa mwaka wa korona. Chuo kilikuwa kimefungwa, barabara zimefungwa, wanafunzi wangu wa udaktari wamerudi makwao, na mtihani wa kumpima mgonjwa lazima ufanyike. Tukaamua kila mwanafunzi ampime mtu wa nyumbani kwao, nami nitazame kwenye skrini kwa dakika kumi na tano. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, kwa hiyo nikawapa sheria yangu: "Salamu hazina alama. Ingia kwa ugonjwa moja kwa moja." Wakatii, maskini, na mimi nikajiona mwerevu.

Zamu ya Hodan ikafika. Alikuwa ameshaanguka mtihani huo mara moja, na akianguka tena angerudia mwaka mzima. Mgonjwa wake alikuwa nyanya yake, ayeeyo kama wanavyosema Wasomali, ameketi mkekani karibu na dirisha, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Hodan akapiga magoti, akaanza kama nilivyomfundisha: umri wako, unaumwa wapi, tangu lini.

Skrini ikawa giza. Ayeeyo alikuwa ameifunika simu kwa mtandio wake.

"Huyu mwalimu yako iko na haraka gani?" nikamsikia. "Mimi si mbuzi ya kubimwa sokoni."

"Ayeeyo, nitaanguka mtihani."

"Anguka na adabu yako."

Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli. Nilikuwa nimekaa Garissa miaka ishirini, mimi mtu wa Kirinyaga, na sijawahi kununua hata kilo moja ya nyama bila kuulizwa hali ya watu wa nyumbani. Nikavua tai, sijui kwa nini, nikasema, "Assalaam aleikum, mama. Mmeamkaje huko? Watoto wazima? Mvua je? Na mbuzi?"

Mtandio ukaondolewa. Uso ule ulikuwa umelainika.

"Mbuzi nzima," akasema, "lakini jirani ndiye nakamua. Mimi nikiinama tu, kichwa nazunguka."

Hodan hakuwa na habari ya kizunguzungu hicho. Nilimwona akisahau kabisa kwamba nipo. Akauliza pole pole, akasikiliza, akauliza tena. Kisha akamvuta kidogo ngozi ya chini ya jicho, kwenye mwanga wa dirisha, na ndani hamkuwa na wekundu hata kidogo. Damu ilikuwa imepungua vibaya. Kwa sheria yangu mimi, bibi angejibu kwamba haumwi popote, na Hodan angeandika hivyo hivyo.

Nilimpa Hodan alama zake kwa furaha kubwa. Siku ile ile nyanya akapelekwa hospitali, na baada ya miezi michache nikatumiwa video yake akikamua mbuzi huku anamgombeza.

Lakini siku ile ya mtihani, kabla simu haijakatika, ayeeyo alikuwa hajamaliza salamu. "Na wewe daktari, mama yako nzima?"

Sikuwa nimemwona mama tangu barabara zifungwe, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nililia na kucheka kwa pamoja, mbele ya mwanafunzi wangu.

Jumatatu unaingia wodini, mwanangu. Skrini utakuwa nazo nyingi kuliko mimi, zitumie, zilituokoa. Ila msalimu mgonjwa kwanza, umsalimu hadi naye akusalimu, hata kama mtandao unakatika na mwalimu wako anatazama saa. Mungu akupe mikono myepesi na masikio yasiyo na haraka, na kila utakayemponya akuulize hali ya mama yako.