Dakika Kumi na Nane za Luteni Akiba

Fundi saa unaweza kumwambia mengi akanyamaza. Mwambie bei yake ni ya kunyonga, mwambie duka lake lina vumbi, mwambie hata kwamba nyumbani mwenye sauti ni mkewe. Usimwambie saa yake imechelewa. Kamanda wa kituo kikuu alimwambia hivyo Luteni Akiba, tena mbele ya watu wawili, tena akichekelea, na ndiyo maana leo tunasimulia.

Hilo la Akiba si jina alilopewa na wazazi. Alilipata katika jeshi la maji, ambako kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ofisa wa akiba: mtu wa kuvaa sare Jumamosi mbili kwa mwezi na wiki tatu kwa mwaka, kisha anarudi uraiani mpaka aitwe tena. Ujanani alisomea ubaharia, akafanya kazi miaka mitatu kwenye meli ya mizigo, na mambo yalikuwa yameanza kumnyookea. Mara baba yake akapigwa na kiharusi. Duka la saa likabaki bila mtu, na yeye ndiye kifungua mimba. Akashuka melini na sanduku moja, akakalia kiti cha baba, akabandika kioo cha kukuzia jichoni, akaanza kuokota skrubu ndogo kama chawa. Bahari ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jeshi la maji lilipotangaza nafasi za akiba, alifika getini kabla mlinzi hajamaliza kupiga mswaki.

Humo ndani wakamfundisha maana ya neno hilo. Maofisa wa kudumu walilala vitandani, yeye akapewa godoro la ziada sakafuni. Wao walikunywa chai ya moto, yeye akamiminiwa ya mwisho wa birika, na mpishi hakukosa la kusema: “Akiba haiozi, afande!” Mara ya kwanza alicheka. Mara ya mia alitamani kumvisha mpishi lile birika kichwani.

“Baba Pacha,” mkewe alimwambia siku moja, akipasi ile sare, “akiba ni mali ya mwenye ghala. Wewe hata ufunguo wa ghala hujawahi kuuona.” Mama Pacha alimzalia mabinti wawili kwa mpigo, na tangu siku hiyo hakuona sababu ya kumwogopa mtu yeyote, mumewe akiwemo.

Mwaka wa tisa wa utumishi wake, mashua moja ya mizigo ilizimikiwa injini ikawa inasukumwa kwenye miamba. Akiba alikuwa zamu katika kituo kidogo cha akiba, chumba kimoja na gati moja na boti moja. Akaitoa boti, akaifunga mashua kamba, akaivuta mpaka salama. Alitarajia asante. Akaletewa barua ya onyo, ikasomwa mbele ya gwaride kurasa mbili nzima: boti ya jeshi haitoki gatini bila amri ya ofisa wa kudumu. Cheo cha luteni kamanda, alichokuwa amekwisha ahidiwa, kikaota mbawa. Alirudi dukani, akaikunja ile barua, akaiweka kwenye droo ya springi za saa. Kutoka hapo akawa mtu wa kungoja amri. Alijiambia huo ndio utii wa kijeshi.

Kitu kimoja tu hawakumtania, nacho ni daftari la zamu. Kila anayeingia kituoni kwake alipewa somo lilelile, atake asitake. “Daftari la zamu halifutwi. Ukikosea, kata mstari mmoja, neno la zamani liendelee kusomeka. Andika la kweli juu yake, tia sahihi. Mwenye kufuta ana la kuficha.” Saa ya ukutani pale kituoni aliitengeneza mwenyewe, na kila asubuhi ya zamu aliilinganisha na ya redio kabla hata hajavua kofia.

Basi Jumamosi moja alasiri, alikuwa zamu na mabaharia wawili pamoja na fundi mitambo wa boti, jitu la maneno machache waliloliita Girisi. Kivuko cha abiria kilikuwa kinakatiza mlango wa bandari, kimejazwa watu kama viberiti, maana mwenye kivuko hakuwa na mtoto humo. Saa tisa na dakika nne kikainama ubavu. Hakikuinuka tena. Kutoka dirishani Akiba aliona rangi za nguo zikimwagika majini.

Alifanya kila kitu sawasawa, na hilo ndilo litakalowachukiza mkilisikia. Girisi akawasha injini. Mabaharia wakavaa maboya, wakafungua kamba zote za boti wakabakiza moja. Kwa mwendo wa boti ile, kivuko kilikuwa dakika sita tu. Akiba akanyanyua simu ya kituo kikuu ili aombe amri, ikalia mpaka ikakata. Akaandika kwenye daftari, kwa hati yake ya fundi, iliyonyooka kama imepigiwa rula: *Saa 9:04. Kivuko kimelala. Injini imewashwa. Simu haikupokelewa. Nasubiri amri.*

Saa tisa na dakika saba akapiga tena. Dakika ya kumi, tena. Dakika ya kumi na tatu, alipokuwa anapiga tena, Girisi akaja mlangoni.

“Afande, watu wanakufa pale.”

“Naona.”

“Mimi nakata hiyo kamba.”

“Ukiikata bila amri nakuweka ndani.”

Ndivyo alivyosema. Hakuna aliyemlazimisha. Akapiga dakika ya kumi na sita, akapiga ya kumi na tisa, na mara zote sita akaandika maneno yaleyale mawili, *Nasubiri amri*. Dakika ya ishirini na mbili akauachia mkonga wa simu, ukabaki unaning'inia na waya wake. Akatoka mbio na kisu, akaikata kamba mwenyewe.

Walitoa watu thelathini na mmoja wakiwa hai. Kumi na tisa waliwapata baadaye, na hao hawakuhitaji tena boti.

Wa mwisho kutolewa hai alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji, bado ana tepu ya kupimia shingoni. Mumewe alimshikilia juu ya maji mpaka mikono ikamwishia nguvu. Walimfunika blanketi. Hakulia. Alimtazama Akiba, na ile sare yake, na vile vyeo mabegani.

“Tuliwaona,” alisema. “Hata moshi wa injini yenu tuliuona. Mume wangu akaniambia, vumilia, wale wanakuja. Mlikuwa mnasubiri nini?”

Akiba akamvutia blanketi mabegani, akageuka.

Na simu je? Simu ya kituo kikuu ilikuwa inalia kwenye chumba kitupu. Siku hiyo kikosi kilikuwa na fainali ya mpira, na Kamanda, baba wa watu, alitoa ruhusa hata kwa ofisa wa zamu aende kushangilia. Walishinda. Habari hiyo Akiba aliipata jioni kwa mpishi wa chai, na tangu hapo hasira ikamwingia kama homa. Alivunja kikombe. Alimfokea mteja aliyeuliza tu saa yake itakuwa tayari lini. Usingizi ukampaa. Magazeti yalimwita shujaa, na kila aliyemwita shujaa, Akiba alitaka kumtia kofi.

Siku ya tatu Mama Pacha akavuta kiti, akakaa mbele yake.

“Hasira yako kwa Kamanda naijua,” alisema. “Hata mimi ninayo. Lakini wewe una nyingine, Baba Pacha. Hiyo nyingine ni kwa nani?”

“Niache.”

“Nitakuacha. Lakini yeye hatakuacha.” Hakusema ni nani. Akainuka, akazoa vipande vya kikombe.

Jumanne Kamanda akamwita. Ofisi ilikuwa na zulia, feni iliyolalamika kila ikigeuka, na juu ya meza yenye kioo kulikuwa na kile kikombe cha mpira, kimesuguliwa mpaka unaweza kujinyolea. Karani alikaa pembeni na mafaili. Dirishani alikaa mwanasheria wa jeshi, mama mmoja wa miwani, aliyeletwa kushuhudia sahihi. Mbele ya kikombe kulikuwa na madaftari mawili: la Akiba, na jipya la jalada lilelile. Karani alikuwa ameshanakili zamu zote za mwezi kwenye hilo jipya. Ukurasa mmoja tu ulikuwa mweupe.

“Kaa, shujaa wetu,” Kamanda alisema. “Kesho tume ya uchunguzi inakuja. Nimesoma daftari lako. Umeandika ukiwa na wahaka, naelewa, nani asingechanganyikiwa? Ukweli ni kwamba ulipiga simu mara moja, nikapokea mimi, nikakupa amri, ukatoka.”

“Afande, simu haikupokelewa. Na nilitoka saa tisa na dakika ishirini na mbili.”

“Kwa saa ipi?” Hapo ndipo alipochekelea. “Labda saa yako ilichelewa, bwana. Si wanasema mganga hajigangi?”

Karani akacheka kidogo, kwa ajili ya mshahara. Kamanda akasogeza kiti, akashusha sauti kama mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa.

“Nisikilize. Ukiandika upya, wewe ni ofisa aliyetoka dakika ya kwanza. Luteni kamanda, wa kudumu, siyo akiba tena. Usipoandika, tume itakuuliza wewe, siyo mimi: ofisa gani anasimama dakika kumi na nane anatazama watu wanazama, injini inanguruma? Halafu mwisho anatoka bila amri, na onyo tayari analo. Sasa niambie utawajibu nini.”

Mtu huyu alikuwa mwongo, lakini swali lake lilikuwa la kweli. Ndicho kilichomchoma Akiba kuliko tusi la saa. Kwa sababu alitamani ule ukurasa mweupe. Siyo kwa ajili ya cheo. Cheo alikilia miaka kumi na mitatu mpaka machozi yakakauka. Aliutamani kwa kuwa ungezimeza zile dakika, na lile swali la mshonaji lisingekuwa na mahali pa kukaa. Aliona hata mkono wake ukisogea kwenye daftari jipya. Akauchukia mkono ule, akamchukia Kamanda, na baada ya siku nne za kuzunguka akafika kwa yule wa tatu ambaye mkewe alimuulizia: yeye mwenyewe.

“Saa yangu haikuchelewa, afande,” alisema, na sauti yake ikamtikisa hata karani. “Simu uliikimbia wewe ukaenda kushangilia hilo bati. Hilo halifutwi. Lakini ni kweli, daftari langu lina kosa. Nipe kalamu.”

Kamanda, aliyesikia neno moja tu katika hayo yote, akampa kalamu na kumsogezea daftari jipya. Akiba akalisukuma kando. Akafungua lake la zamani, ukurasa wa Jumamosi, akaandika taratibu, mahali sita. Kila mahali alipiga mstari mmoja, akaandika neno moja juu yake, akatia sahihi. Kisha akaligeuza daftari.

Kamanda alisoma. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akanyoosha mkono alifunge, lakini yule mama wa miwani alikuwa ameshainuka dirishani.

“Mimi nimeletwa kushuhudia sahihi,” alisema. “Nimeziona, ni sita. Daftari nitakaa nalo mimi mpaka kesho.” Akalichukua, akampa karani. “Soma kwa sauti, nami niandike.”

Karani akamtazama Kamanda, akamtazama mama, akakohoa.

“Saa tisa na dakika nne. Kivuko kimelala. Injini imewashwa. Simu haikupokelewa. Nasubiri amri… hapa pamekatwa, afande. Juu yake pameandikwa…”

“Soma,” Akiba alisema.

“*Naogopa*,” karani akasoma.

“Endelea. Ziko sita.”

Karani akaweka kidole chini ya mstari uliofuata. “Saa tisa na dakika saba,” akasoma.