Jikoni kwa Torgeir

Wapiga filamu walipoomba kutumia jiko lake, Torgeir Brattli alikubali kwa sababu kukataa kungemlazimu aseme mengi. Alikuwa dereva wa mtambo wa kusukuma theluji kule Finnmark, kaskazini mwa Norwei, kazi iliyomweka peke yake majira yote ya baridi. Na tangu mkewe Ingunn aondoke, hata majira mengine aliishi hivyo hivyo.

Mwongozaji wao alikuwa binti wa Oslo aitwaye Maiken, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alizunguka jikoni akiamuru vitu vitolewe: mapazia, saa ya ukutani, sufuria, vyungu vya maua yaliyokauka zamani. Ikabaki meza, viti viwili, na dirisha lenye giza la mchana wa Desemba, mwezi ambao kule jua halichomozi.

"Hata sufuria moja humwachii mtu?" Torgeir akauliza.

"Sufuria zinasema sana, mzee wangu."

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi. Mume na mke wanakunywa kahawa. Mke anasema, "Basi mimi naenda." Mume anatazama kikombe. Mke anatoka, mume anabaki. Hakuna muziki, hakuna kelele.

Torgeir aliruhusiwa kukaa nyuma ya kamera mradi anyamaze. Walirudia tukio lile hadi kahawa ya chupa ikaisha. Kila mara mwigizaji wa kike alivaa koti, akasita mlangoni, akatoka. Kila mara mwanaume, bwana mmoja mwenye ndevu nzuri aitwaye Eskil, alikaa tu kama gunia. Mwanzoni Torgeir alichoka. Kisha mabega yakaanza kumuuma.

"Inuka basi, bwana!" sauti ikamtoka. "Si yuko hapo hapo mlangoni!"

Kamera ikazimwa. Fundi wa sauti akamtazama kama mtu aliyekojoa kanisani. Lakini Maiken alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Wewe uliinuka, mzee?"

Torgeir akajikuna kidevu. "Mimi nilimwambia afunge mlango vizuri, baridi inaingia."

Hakuna aliyecheka. Eskil aliinamisha kichwa.

"Naweza kuyatumia maneno hayo?" Maiken akauliza kwa sauti ya chini.

"Yatumie. Mimi hayajanisaidia kitu."

Akawaachia nyumba, akaingia garini, akazunguka ghuba mpaka kwenye nyumba ya marehemu dada wa Ingunn, ambako Ingunn mwenyewe aliishi sasa. Ingunn alifungua mlango, aproni kiunoni, akamwona, rangi ikamtoka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umefuata nini? Miaka yote hii hata simu hujui kuipiga."

Torgeir alivua kofia. "Siku ile ulipoondoka," akasema, "nilipaswa kuinuka."

Ingunn alimkaribisha ndani, akavuta kiti na kuketi kama mtu aliyetua mzigo.

"Nilivaa viatu polepole, Torgeir. Nikafunga kamba, nikafungua, nikafunga tena. Nikajisemea, huyu akikohoa tu, sitoki."

"Na sasa nikikohoa?"

"Sasa nitakupa dawa ya kifua." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya aproni. "Usije ukanielewa vibaya. Sirudi. Nimechoka kumsubiri mtu aongee."

"Sijaja kukurudisha."

"Umekuja kufanya nini sasa?"

Torgeir aliizungusha kofia mkononi. "Kukaa kule kumenichosha."

Ingunn alipakua samaki wa kuchemsha na viazi, wakala bila haraka. Walizungumzia goti lake Torgeir, halafu binti yao Synne, ambaye kila Krismasi alikula kwa mama, akazunguka ghuba, akala tena kwa baba, akarudi kwake Trondheim tumbo likimuuma na roho vilevile.

"Tumemtesa mtoto," Ingunn akasema.

"Tumemtesa."

Wakakubaliana Krismasi hiyo Synne ale mara moja, pale kwa Ingunn, wote watatu.

Ikawa hivyo. Synne alifika na furaha iliyojaa wasiwasi, akawatazama wazazi wake kwa zamu kama anayesubiri kitu kuvunjika. Hakikuvunjika kitu. Maneno yalikuwa machache na mengine yaligoma kabisa kutoka. Kabla ya keki kuletwa, Torgeir, aliyekuwa barabarani na mtambo tangu alfajiri, alipitiwa na usingizi pale pale kitini, mdomo wazi.

"Nimwamshe?" Synne akanong'ona.

"Mwache," Ingunn akasema, akapunguza taa.