Uji wa Mama Mkwe

Nilifika mahali nikawa nakohoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Si mafua, ni adabu. Tangu mama mkwe ahamie kwetu Burumba, sikuweza kufungua mlango wa jikoni bila kukohoa kwanza, ili kama yumo apate nafasi ya kutoka, ama angalau avute leso kichwani. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa binti yake, hampi mkono, na kula mbele yake, hilo hata usiseme. Basi mimi nazunguka jiko langu kama mwizi wa kuku, naye anajibana chumbani. Wazee walikuja kutoka Nambale wakasema ugonjwa hauna mila. Wakanywa chai, wakaenda zao. Mama mkwe aliitikia vizuri, kisha akaendelea kujificha vilevile.

Lakini angeenda wapi? Ini lake liliharibiwa na virusi, na watu wakamsingizia pombe, mwanamke ambaye hajawahi kuonja hata busaa ya harusi. Mke wangu, kifungua mimba wake, ndiye aliyekatwa kipande cha ini akampa. Walipasuliwa siku moja, India, mimi nikiwa hapa mpakani nahangaika na karatasi za malori, simu mkononi. Tayari upasuaji ulikuwa umeahirishwa mara moja kwa sababu sukari ya mama ilikuwa juu. Halafu shemeji aliyewasindikiza akanipigia kutoka huko: ini limeshika, lakini sukari imepanda tena, wauguzi wanampima kila saa. Nikafoka. Mtu amebadilishwa ini zima, na nyinyi mnanipigia simu kuniambia habari za sukari?

Ulikuwa ujinga wangu. Waliporudi ndipo daktari wa huku aliponikalisha akanieleza. Ini ndilo ghala la sukari ya mwili. Ukila linaweka, ukikaa njaa linatoa, na hili jipya bado lilikuwa linajifunza kazi. Juu ya hayo kuna vidonge vya kuzuia mwili usilikatae, na vidonge hivyo vinapandisha sukari, hasa alasiri. Ikikaa juu, kidonda hakiponi na maambukizi yanapata njia. Ikishuka sana, mtu anazimika hata kabla hujajua ufanye nini. "Vidonge tunavipunguza kidogo kidogo," alisema, "kwa hiyo na insulini itapungua. Kipindi hiki ndicho mnafaa kuwa macho." Kuwa macho! Tangu siku ile nilikuwa macho mpaka yakaniwasha.

Kutoboa kidole na kudunga sindano ilikuwa kazi ya mke wangu. Mimi nilisikia kupitia ukuta tu: "Mama, lete kidole." Kimya kidogo, halafu namba. Ikiwa nzuri, chai yangu ilishuka. Ikiwa mbaya, siku yangu yote iliharibika, na madereva kule mpakani walishanijua. "Boss leo sukari imepanda," wananitania, "msimguse." Nilicheka nao, lakini kwa meno tu. Ukweli ni kwamba niliogopa vibaya sana. Mke wangu alikuwa bado anainuka kitandani kwa kushika ukuta. Kile alichokatwa kikiharibika ndani ya mama yake, na mama akaenda nacho, ningemwambia nini?

Asubuhi moja ilibidi mke wangu aende Kisumu akapimwe yeye mwenyewe. Akamdunga mama sindano, akamwekea uji wa wimbi na mayai jikoni, akamwambia ale mara moja. Mimi akaniambia, "Leo hakuna kazi. Kaa hapa hapa. Usimwache mama peke yake hata dakika." Nani angebishana na mwanamke mwenye kovu kama lile? Nikachukua kiti nikakiweka katikati ya sebule, mahali ambapo naona mlango wa chumba cha mama na mlango wa jikoni. Hata askari wa benki hangenifikia.

Nilikaa pale asubuhi yote. Wateja wakapiga, nikawajibu kwa kunong'ona. Mara moja mlango wa chumba ulifunguka kidogo. Nikageuza uso ukutani kwa heshima, ukafungwa tena. Nilidhani anataka hewa. Hata nikajisifu moyoni, nikasema leo mama amepata mlinzi.

Karibu adhuhuri mke wangu akapiga simu. "Mama amekula?"

"Si ulimwekea?"

"Nimeuliza, amekula?"

Nikaenda jikoni. Uji ulikuwa umeshika ngozi juu. Mayai yako vile vile, yamefunikwa na sahani. Nikageuka nikatazama mahali kiti changu kilipo. Angepitaje? Kufika jikoni ilibidi apite mbele ya magoti yangu, achukue bakuli, na anywe uji mimi nikisikia. Kumbe kwa kukaa pale na heshima zangu nilikuwa nimemfungia ndani na njaa yake, na sindano ya kushusha sukari imeshaingia mwilini.

"Ingia uangalie!" mke wangu akapiga kelele.

"Chumbani kwa mama?"

"Wewe mwanaume, ingia!"

Nikakohoa. Jameni, hata wakati huo nikakohoa. Nikabisha, nikaita, "Mama?" Kimya. Nikakimbilia nje kumwita mama jirani, nikakuta kufuli mlangoni, ameenda sokoni. Nikasimama pale uani nikizungusha macho, natafuta mwanamke yeyote, hata nisiyemjua. Hakuna. Lisilo budi hutendwa. Nikarudi nikasukuma mlango.

Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, jasho limemlowesha, macho yananitazama bila kunijua. Leso ilikuwa imemwanguka. Mkono wake ulikuwa unapapasa kichwani, unaitafuta leso, ajifunike. Hapo nilitaka kulia.

"Nimpime?" nikauliza kwenye simu. "Mashine iko wapi?"

"Achana na mashine! Anaweza kumeza?"

"Mama, meza mate." Akameza.

"Basi sukari! Koroga na maji, mpe kidogo kidogo!"

Nilikoroga, nusu ikamwagika mezani. Nikakaa chini nikamwegemeza kichwa kwenye mkono wangu, mimi mkwe, ambaye sijawahi hata kumsalimia kwa mkono, nikamnywesha kwa kijiko. Kijiko kiligonga meno yake. Maji mengine yakateremka shingoni, nikayapangusa kwa kiganja. Nilikuwa nasema maneno ovyo, mengine maombi, mengine ugomvi: "Kunywa Mama, kunywa, usinifanyie hivi, utaniulia mke." Yeye mke kwenye simu alikuwa haelekezi tena. Nilisikia analia.

Polepole jasho likakauka. Macho yakarudi, na nikaona kabisa wakati yaliponitambua. Akajua ameegemea mkono wa nani. Akayafumba haraka.

"Mkwe," akasema, "umeniona."

"Sijaona kitu, Mama."

"Umeniona." Akaanza kulia polepole, kama mtu aliyefiwa.

Nikamtoboa kidole kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Sukari ilikuwa bado chini lakini inapanda. Nikaupasha uji moto, nikamletea na mayai, nikaviweka karibu naye, nikainuka nitoke.

Mlangoni nikasimama. Nikitoka sitajua kama amekula. Nikibaki, hatakula. Nilikaa pale nimeshika kitasa, sijui niende mbele au nirudi nyuma.

"Mke wako amesema nini?" akauliza nyuma yangu.

"Amesema nisikuache, Mama."

"Basi kaa."

Nikakaa sakafuni mbele yake, macho kwenye vidole vya miguu yangu. Akajifunga leso vizuri, akalishika bakuli kwa mikono miwili, lakini sikusikia akinywa.

"Usitazame chini," akasema. "Inua uso."

Nikainua. Tangu nimwoe binti yake hatukuwahi kutazamana hivyo. Akanywa, machozi yakiingia kwenye uji, funda baada ya funda, bila kuniondolea macho. Alipomaliza akanigeuzia bakuli nione ndani.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama."