Mita Moja, Milango Minane

Nabalayo aliingia ploti yetu ya Dandora mwaka ambao kiwanda cha nyuzi alichokuwa akifanyia kazi kilifunga milango. Alikuja na binti yake Marion, godoro moja, na barua ya msimamizi iliyosema kwamba kwa miaka sita alisoma geji za boila na hakukosea hata mara moja. Barua hiyo haikumpa kazi nyingine. Ilimpa chumba. Mwenye ploti, Munene, aliisoma mara mbili, kisha akamwambia akae namba moja karibu na lango bila kulipa kodi, mradi afagie ua, achunge bomba na ashike ufunguo wa kisanduku cha mita ya stima.

Marion alikua, akaolewa Webuye. Mama yake alibaki na vitu viwili: kile chumba, na ufunguo aliouning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Kimoja kilishikilia kingine. Akinyang'anywa ufunguo, chumba nacho kimekwenda. Ploti nzima ilijua hivyo. Mimi pia nilijua nilipoanza kumchunguza.

Tulikuwa milango minane inayotazamana, na mita moja. Tokeni tulinunua kwa zamu, kila mlango siku zake, na hapo ndipo tabia zetu zilipojulikana. Zamu ya Kitonga ikifika, milango mingine saba inakumbuka nguo zake za kanisani zinazongoja pasi. Zamu ya Koki, msusi wetu, ikifika, Kitonga, ambaye huchonga twiga wa kuuzia watalii, anatoa mashine yake ya msasa na kusugua twiga wa mwezi mzima. Kila mtu alihifadhi kazi zake nzito zingoje tokeni za jirani. Kila mtu alijua mwenzake anafanya hivyo. Hakuna aliyesema, kwa sababu angeulizwa za kwake.

Nabalayo alipambana na tabia hizo kwa sheria zake mwenyewe. Koili ya kuchemshia maji ni marufuku. Kupiga pasi ni Jumamosi asubuhi tu, kwa pasi yake moja, milango yote ikifuatana kabla haijapoa. Mtu akichomeka koili kwa siri, yeye alijua bila kubisha hodi. Alisimama uani akatazama balbu ya bafuni. Ikififia kidogo, alipita mlango kwa mlango akikohoa, na koili zilichomolewa.

"Huyo mama ni askari," Koki aliniambia mara ya kwanza nilipohamia namba sita, nimetoka chuo kikuu na digrii ya takwimu isiyonipa kazi bado. "Anahesabu hata pumzi zetu."

Kilichonitia shaka si sheria. Ni tarehe. Kila mwezi, kuanzia ishirini na tano hivi, stima ilipotea mchana. Ukimuuliza Nabalayo, alijibu neno moja bila kuinua macho kwenye maharagwe anayochambua: "Wamezima." Lakini ng'ambo ya ukuta wetu kinu cha unga kilikuwa kikinguruma. Waliozima walituchagua vipi sisi peke yetu?

Jumamosi moja Munene alikuja kuchukua kodi. Alinikuta mlangoni nikisoma.

"Mumo, wewe umesoma hesabu," alisema. "Stima ya hii ploti inaenda wapi?"

"Kwani inaenda mahali?"

"Mimi sijasema kitu. Nauliza tu, kwa sababu wewe ndiye msomi."

Aliondoka akipiga mluzi. Nilijivunia kuulizwa. Leo najiuliza kwa nini mtu mwenye ploti tatu angetaka maoni yangu.

Nilikaa nyuma ya pazia siku tatu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Nabalayo alivua kamba shingoni, akafungua kisanduku, na kushusha swichi moja baada ya nyingine. Zilikuwa tisa: nane za vyumba na moja ya bafuni. Akafunga, akarudi kwenye maharagwe. Nilimpiga picha mkono ukiwa ndani ya kisanduku. Nilikumbuka pia kwamba mara mbili nilimwona akizungumza na mwenye kinu langoni. Nilijumlisha: anatuzimia sisi, anamuuzia yule. Hesabu ilikaa sawa kabisa, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua.

Jumapili baada ya kanisa niliita mkutano penye bomba. Niliwaonyesha picha. Niliongea vizuri, lazima nikiri. Nilisema watu maskini huibiwa na walio juu, na huuma zaidi wanapoibiwa na mwenzao.

Nabalayo alisimama na ndoo yake mkononi. "Nilizima mimi, ndiyo."

"Na ulikuwa unatuambia wamezima," alisema Kitonga.

"Ningesema ni mimi, mngeuliza kwa nini."

"Sasa tunauliza, Mama Marion. Kwa nini?"

Alitutazama mmoja mmoja, akaishia kwa Koki, ambaye mashine yake ya kukaushia nywele za wateja ilikuwa ikila stima kuliko milango mitatu.

"Nina hesabu yangu," alisema. "Nikiwaambia mtaiharibu."

"Mwizi gani hana hesabu yake?" Kitonga alisema, watu wakacheka. Nami nilicheka. Kwangu jibu lile lilikuwa ungamo. Kama ni haki, kwa nini ifichwe?

Mikono iliinuka kwenye milango sita, kwamba ufunguo nipewe mimi. Wa saba, mzee wa namba nane, alisema yeye hajui na akaingia ndani. Nabalayo alivua ufunguo, lakini hakunipa mkononi. Aliuweka juu ya bomba, akachukua ndoo yake. Munene, ambaye kuleta fundi wa choo humchukua miezi miwili, alifika Jumanne. Akampa Nabalayo hadi mwisho wa mwezi awe amehama.

Aliondoka na mkokoteni mmoja kwenda kwa dada yake Mathare. Pasi aliiacha kwenye dirisha la bafuni.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo, na nilitaka kila kitu kiwe wazi. Nilinunua ubao mweusi mdogo, nikaupigilia ukutani kando ya mita. Kila jioni niliandika uniti zilizobaki, kila mtu azione. Hakuna siri tena, niliwaambia, na hakuna kuzimiwa.

Siku ya kwanza niliandika ishirini na mbili. Kesho yake asubuhi msasa wa Kitonga uliniamsha.

"Kaka, si zamu yako ndiyo imefika mwisho jana?" nilimuuliza.

"Si umeandika zimebaki ishirini na mbili? Nikingoja, Koki atazimaliza."

Koki naye aliniambia kwamba amewaita wateja wawili haraka kabla Kitonga hajazimaliza. Koili zilirudi, na hakukuwa na mtu wa kutazama balbu ya bafuni, iliyowaka mchana na jioni kwa sababu si ya mlango wa mtu yeyote. Namba niliyoandika ili tuaminiane ikawa kengele ya kugombania. Niliongeza maneno chini yake: TUHURUMIANE. Mtu aliyafuta, akaandika: ANZA WEWE NA LAPTOP.

Miezi mitatu ilipokwisha, nilitia tokeni za pesa zile zile za siku zote na mita ikanipa uniti kumi na saba. Tulizoea karibu ishirini. Macho ya milango saba yalinigeukia uani. Niliyaelewa, maana yalikuwa yangu ya miezi mitatu iliyopita.

Nilikwenda ofisi ya stima na karatasi zangu, nikiwa na uhakika kwamba sasa nimemkamata mwizi mkubwa. Karani nyuma ya kioo alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanieleza polepole, kama mtu aliyeeleza jambo hilo mara mia. Bei si moja. Mita inayotumia kidogo hulipa bei ya chini, na kila unapovuka ngazi, uniti inapanda bei. Kwenu ngazi ni uniti mia kwa mwezi, na huangaliwa wastani wa miezi mitatu.

"Hii mita ilikuwa chini ya mia miaka yote," alisema akitazama kompyuta. "Tisini na saba, tisini na nane, tisini na sita. Nani alikuwa anawachungia?"

Nilimuuliza: sisi ni milango minane, kila mmoja anatumia kama uniti kumi na tano, wapi hapo ufujaji?

"Mfumo unaona mita, ndugu yangu. Milango hauioni."

Niliondoka nikiwa na hasira ambayo sijaimaliza hadi leo. Mtu aliye na nyumba yake, geti lake na mita yake, akitumia uniti tisini peke yake, anahesabiwa mwangalifu na anapewa nafuu. Sisi familia nane tunaokaa gizani kwa zamu tukifika mia na ishirini tunahesabiwa wafujaji, na tunalipa bei ya matajiri. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya maskini inatupita uani kwetu kwa sababu maskini hawana mita zao. Dawa ni kila mlango uwe na mita yake, na fomu ya kuomba inahitaji sahihi ya mwenye ploti. Nilimpelekea Munene fomu nane. Alisema ataona.

Namba moja sasa anakaa kijana aitwaye Phares, na yeye analipa kodi kamili. Nilimuuliza, kwa mazungumzo tu, alikipataje chumba haraka vile.

"Haraka gani? Nililipa amana nikangoja," alisema. "Munene aliniambia kuna mama anatoka."

Alinionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu. Tarehe ilikuwa wiki mbili kabla ya mkutano wetu penye bomba. Kabla sijapiga picha. Pengine ilikuwa Jumamosi ile ile niliyoambiwa mimi ni msomi.

Mathare nilimkuta Nabalayo nje ya chumba cha mabati cha dada yake, akianua nguo. Hakunikaribisha kiti.

"Munene amekutuma?"

"Hapana, Mama. Nimekuja mwenyewe."

"Hata siku ile ulidhani umekuja mwenyewe."

Basi alijua. Nilimwambia yote: ubao, karani, tisini na saba, Phares. Nikamuuliza kwa nini hakutueleza ile mia, tungeelewa.

"Niliwaeleza. Wewe hukuwa umehamia," alisema. "Nilitangaza kwamba zimebaki kumi tufike mia. Kila mtu akakimbilia hizo kumi. Zikaisha kabla ya jioni. Kiwandani, geji ikipanda hutangazi. Unafunga vali, unanyamaza, watu wanafika nyumbani kwao."

"Na mwenye kinu? Mlikuwa mnaongea nini?"

"Ulituona?" Kwa mara ya kwanza alicheka. "Nilikuwa naomba anipunguzie unga."

Nilimwomba msamaha. Alikunja shuka hadi likawa dogo kama kitabu.

"Mumo, hayo maneno unayaleta Mathare kufanya nini? Hapa hakuna aliyenisikia nikiitwa mwizi. Chumba kimekwenda, sawa. Jina langu mliliacha penye bomba. Nenda huko."

Jumapili iliyofuata nilisimama penye bomba. Nilisema Mama Marion hakuiba hata uniti moja, kwamba alitubakiza kwenye bei ya chini miaka yote, na kwamba mimi ndiye niliyekosa. Nilieleza ngazi, mia, na sahihi ya Munene. Nilitaja tarehe ya amana ya Phares. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi.

"Na kule Mathare ulikwenda kula nini?" Kitonga aliuliza.

"Labda sasa wanagawana," Koki alisema.

Ila mzee wa namba nane alitoa kichwa dirishani. "Mimi nilisema sijui," alisema, "lakini nilijua," akafunga dirisha.

Tarehe ishirini na sita, mita ilionyesha tumebakiza uniti tano kufika mia. Nilikuwa nimeushusha ubao siku nyingi. Saa nne asubuhi nilifungua kisanduku na kushusha swichi ya namba moja, ya pili, hadi ya nane. Msasa wa Kitonga ulikufa katikati ya shingo ya twiga. Koki alitoka na kitana mkononi, mteja wake nyuma akiwa nusu amekauka nywele. Ng'ambo ya ukuta kinu kilikuwa kikinguruma.

"Stima imeenda?"

Neno lile moja la Nabalayo lilinijia ulimini, jepesi, limeshaiva.

"Nimezima mimi, Koki," nilisema. "Zimebaki tano. Nitawasha kuanzia saa kumi na mbili jioni."

Aliinua simu.

"Usitoe mkono," alisema. "Picha iingie vizuri."

Aliituma kwenye kundi la ploti, bila maneno yoyote. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumwondoa Nabalayo kwenye kundi hilo. Nilisimama pale na ufunguo shingoni, nikisikia milango ikifunguka mmoja mmoja, na kabla mtu yeyote hajaniuliza kitu, simu zote za uani zililia pamoja. Mama Marion alikuwa ameandika:

"Ya bafuni hujashusha."